Tiketi ya treni hukuitumia? Omba kwanza urudishiwe nauli, hata ukijua utakataliwa

Kwa mlio Uingereza: mwezi uliopita niliugua nikashindwa kusafiri kwenda Edinburgh, na nilikuwa na tiketi ya Advance, ile ya bei nafuu ambayo kwa kawaida hairudishwi pesa ukiahirisha mwenyewe. Kabla ya kudai bima ya safari, mwandikie aliyekuuzia tiketi uombe urudishiwe nauli, kisha hifadhi barua pepe ya kukukatalia. Bima hulipa hasara ambayo huwezi kufidiwa kwingine, na ile barua ndiyo ushahidi wenyewe. Bila hiyo, dai langu lilirudishwa. Nilipoiambatanisha na risiti pamoja na cheti cha daktari, likapita. Cheti chukua siku ileile unayougua, maana daktari hawezi kuthibitisha homa iliyokwisha wiki mbili nyuma.

Ila soma mkataba wako kwanza. Kuna kiasi ambacho unakibeba mwenyewe katika kila dai: kikiwa pauni 75 na tiketi ni pauni 60, hupati kitu, usijisumbue. Ukibadili mawazo tu, hulipwi. Ugonjwa uliokuwa nao tangu kabla ya kukata bima na hukuutaja, hapo pia utakwama. Safari za ndani ya nchi, bima nyingi zinataka uwe umelipia malazi mapema. Na kama treni yenyewe ndiyo iliyofutwa na wewe hukusafiri, achana na bima: hata Advance unarudishiwa nauli yote pale pale ulipoinunua.