Intaneti ya bei nafuu Guangzhou: andaa simu kabla hujapanda ndege

Mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou kufuata mzigo anaitegemea simu kwa kazi mbili. Kwanza, namba ya nyumbani ibaki hewani ipokee SMS za benki na za M-Pesa. Pili, awe na data ya kumtumia mteja picha ya bidhaa na kupata jibu muuzaji akiwa bado amesimama mbele yake. Kazi hizi mbili zisifanywe na laini moja. Laini ya nyumbani ikibeba data ukiwa nje bila bando la rominga (huduma ya kutumia laini yako kwenye mtandao wa nchi nyingine), salio linakwisha kabla hujatoka uwanja wa ndege.

Maelezo haya ni ya safari ya wiki moja hadi tatu. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye simu iliyo kwa Kiingereza, maana ndivyo simu nyingi zilivyo.

Hatua ya 1: Kagua simu

Piga *#06#. Ukiona mstari wa EID, simu yako inapokea eSIM, yaani laini inayowekwa ndani ya simu bila kadi. iPhone kuanzia XS na XR za mwaka 2018 zinapokea, ila karibu zote zilizotengenezwa kwa soko la China bara hazipokei. Nyingi zina nafasi mbili za kadi badala yake. Likumbuke hilo hata unaponunua iPhone hukohuko Guangzhou. Kinyume chake, iPhone 14 na za baadaye zilizotoka Marekani hazina tundu la kadi kabisa.

Kwenye iPhone fungua Settings, General, About, kisha tazama "Carrier Lock". Iandike "No SIM restrictions". Ikiandika kingine, simu imefungwa kwa mtandao fulani na eSIM ya mtandao mwingine haitashika. Simu za mtumba kutoka Marekani zina tatizo hili mara nyingi, na ni afadhali uligundue ukiwa Kariakoo, kwa fundi wako, kuliko ukiwa Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou.

Hatua ya 2: Chagua laini ya data

Kwa China hatua hii ina uzito kuliko kwa nchi nyingine, kwa sababu WhatsApp, Google na karibu huduma zake zote, Facebook, Instagram na YouTube zimezuiwa kwenye mitandao ya ndani. Ukinunua laini ya China ukaweka bando kubwa, utakuwa na intaneti ya kasi nzuri lakini WhatsApp haifunguki. Wi-Fi ya hoteli ni hivyohivyo.

Laini ya nje iliyo kwenye rominga haizuiliwi hivyo. Simu inashika mnara wa China Unicom au China Mobile, lakini data inabebwa mpaka kwenye mtandao uliotoa laini, uwe Hong Kong, Singapore au Dar es Salaam, na huko ndiko inakoingilia intaneti. Kwa hiyo WhatsApp inafanya kazi kama kawaida, bila VPN (programu ya kukwepa vizuizi vya intaneti). Kasi inapungua kidogo kwa sababu ya huo mzunguko, lakini kwa picha na simu za sauti hutaona tofauti kubwa.

Una njia tatu basi. Bando la rominga la mtandao wako wa nyumbani ni rahisi kuweka, lakini uliza bei ya kila GB na siku za matumizi, kisha linganisha na eSIM. Laini ya China, inayonunuliwa kwa pasipoti kwenye duka la mtandao, inamfaa anayekaa miezi na anayehitaji namba ya Kichina kwa ajili ya wasafirishaji. Ya tatu ni eSIM ya wasafiri, na kwa safari fupi hiyo ndiyo ninayoipendekeza.

Kabla ya kulipia eSIM, muulize muuzaji maswali manne: WhatsApp inafunguka China bara bila VPN? Bando linafika Hong Kong na Macau, au ni China bara peke yake? Hotspoti inaruhusiwa? Siku zinaanza kuhesabiwa ninapoiweka kwenye simu au ninapowasha data China? Muuzaji asiyejibu swali la kwanza moja kwa moja, muache.

VPN za bure usizitegemee. Nyingi hazishiki ukiwa China, na China inazuia VPN zisizo na kibali.

Hatua ya 3: Kadiria kiasi

Simu ya sauti ya WhatsApp inakula takriban nusu MB kwa dakika. Ya video inafika MB 5 kwa dakika au zaidi. Ukiongea saa moja kwa sauti na nusu saa kwa video kila siku, hiyo ni karibu MB 180. Ongeza picha, ramani na WeChat (programu ya Kichina ya ujumbe na malipo), na GB 5 zinatosha siku kumi kwa mtu asiyetazama video. Bando la "bila kikomo" lisome masharti: mengi yanapunguza kasi ukishafika kiwango fulani cha siku.

Hatua ya 4: Weka eSIM ukiwa nyumbani

Tumia Wi-Fi. Fungua QR uliyotumiwa na muuzaji kwenye simu nyingine au kompyuta, uiskani, uipe laini jina "Data China", kisha uizime mpaka ufike. QR nyingi zinatumika mara moja tu. Ukiifuta eSIM, pesa imekwenda.

Laini ya nyumbani iache kwenye kadi ya kawaida kama simu inaruhusu. Kuirudisha laini ya Tanzania iliyopotea kunataka alama ya kidole mbele ya wakala. Simu ikivunjika ukiwa nje, kadi unaichomoa na kuiweka kwenye simu nyingine. eSIM hutaihamisha kwa urahisi huo.

Hatua ya 5: Laini ya nyumbani

Wasiliana na mtandao wako siku kadhaa kabla, uthibitishe kwamba rominga ya sauti na SMS imewashwa, na uulize bei ya kupokea simu. Kupokea SMS kwa kawaida ni bure. Kupokea simu ni kwa malipo, kwa hiyo waambie watu wako wapige kwa WhatsApp. Ukiwa bado nyumbani, piga ##002# kuondoa uelekezaji wa simu. Ukiuacha, simu usiyoipokea inaweza kukukatia pesa kwa kupelekwa kwingine.

Menyu ya M-Pesa ya *150*00# usiitegemee ukiwa nje. Pakua programu ya M-Pesa au ya benki yako, ujisajili na uijaribu ukiwa bado kwenye laini ya nyumbani, kisha itatumia data yoyote.

Hatua ya 6: Swichi zinazovujisha salio

Watu wengi wanapoteza pesa hapa huku wakiamini wamemaliza kila kitu. Usiifanye kwa haraka.

Kwenye iPhone fungua Settings, Cellular (simu nyingine zinaandika Mobile Data). Kwenye "Cellular Data" chagua laini ya "Data China" (iwashe kwanza kama umeizima). Chini yake kuna swichi inayoitwa "Allow Cellular Data Switching". Izime. Hiyo ikiwaka, simu ina ruhusa ya kuhamia laini ya pili yenyewe, bila kukuuliza, kulingana na upatikanaji wa mtandao. Maduka mengi ya jumla yana ghorofa za chini ambako mtandao ni hafifu. Ukishuka huko kutazama mzigo, simu inaweza kuhamia laini ya Dar, na kama rominga ya data ya laini hiyo imewashwa, picha kumi ulizokuwa unatuma zinakwenda kwa bei ya rominga.

Kisha ingia kwenye kila laini peke yake. Kwenye laini ya nyumbani, "Data Roaming" iwe imezimwa. Kwenye "Data China", "Data Roaming" iwe imewashwa. Wengi wanaizima kote kwa hofu, halafu wanalalamika kwamba eSIM ni mbovu. eSIM ya wasafiri ni laini ya nje, na bila rominga haitoi data hata tone. Kuzima rominga ya data kwenye laini ya nyumbani hakuzuii SMS. Zinaingia kama kawaida.

Kwenye Samsung swichi hizi ziko Settings, Connections, SIM manager. Weka data kwenye eSIM, weka simu na SMS kwenye laini ya nyumbani, kisha utafute swichi ya kubadilisha data yenyewe na uizime. Rominga ya data iko Mobile networks. Hakikisha unajua unawasha ya laini ipi.

Mambo mawili zaidi. iPhone inapoona laini mpya, hutuma SMS ya kimya ya kimataifa kusajili iMessage na FaceTime. Kama huzitumii, zizime kabla ya safari. Na WhatsApp ikikuuliza kama umebadilisha namba, kataa. Namba ya WhatsApp haitegemei laini inayoleta data.

Ndani ya WhatsApp nenda Storage and data. Washa "Use less data for calls", na kwenye upakuaji wa picha na video ondoa alama zote za "When using mobile data" na "When roaming" (kwenye iPhone chagua "Wi-Fi"). Kundi moja la harusi linatosha kumaliza GB ukiwa umelala.

Hatua ya 7: Programu za kuweka kabla

WeChat na Alipay, programu zinazotumika China kulipia kwa simu. WeChat inaweza kutaka mtu mwenye akaunti ya zamani askani QR kukuthibitisha, kwa hiyo mtafute mtu huyo ukiwa nyumbani. Unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard hukuhuku, kwa sababu SMS ya benki itakuja palepale. Kwa ramani, Apple Maps inafanya kazi vizuri China. Wenye Android wapakue Amap. Ramani za Google huko si za kuaminika.

Hatua ya 8: Ukifika

Washa laini ya "Data China", zima Wi-Fi, subiri dakika mbili. Ukiona mnara lakini hakuna intaneti, kagua kwa mpangilio huu: rominga ya eSIM imewashwa, APN (mpangilio wa intaneti wa laini) inafanana na ile iliyo kwenye barua pepe ya muuzaji, kisha washa na uzime hali ya ndege. Ikigoma bado, zima uchaguzi wa mtandao wa moja kwa moja na uchague China Unicom, halafu China Mobile. WhatsApp ikigoma huku tovuti za Kichina zinafunguka, huenda simu imerudi kwenye Wi-Fi ya hoteli.

Ukipitia Dubai, ujumbe wa WhatsApp unakwenda kwenye Wi-Fi ya uwanja, lakini simu za WhatsApp zimezuiwa kwenye mitandao ya huko.

Hatua ya 9: Kugawana data

Wanaosafiri kikundi hupunguza gharama kwa kuchangia bando moja la hotspoti. Tatizo ni kwamba simu ya mwenzako inaweza kuiona hotspoti kama Wi-Fi ya bure, ikaanza kupakia picha Google Photos na kusasisha programu. Kwenye Android afungue jina la Wi-Fi hiyo na kuiweka "Metered". Kwenye iPhone awashe "Low Data Mode" ya Wi-Fi hiyo. Kompyuta ya Windows iwekwe "Metered connection" mara tu inapounganishwa, la sivyo itavuta masasisho yake.

Ukitua nyumbani rudisha data kwenye laini yako. eSIM usiifute kama muuzaji anaruhusu kuongeza GB. Safari ijayo utalipia bando tu.