Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumtafuta Babu wa Enzi za Mjerumani

Anza na wazee walio hai. Hilo halihitaji maelezo marefu: bibi wa miaka tisini hana muda wa kukusubiri umalize shughuli zako. Beba daftari na kinasa sauti, uliza kila jina ambalo babu aliwahi kuitwa, yaani la utotoni, la jandoni, la dini na la kazini, kisha uliza alikuwa chini ya jumbe gani, yaani mkuu wa kijiji na makaburi ya kwao yako wapi. Andika maneno kama yalivyotamkwa, na usimsahihishe mzee hata ukidhani amekosea.

Wazee hawatakutajia mwaka, wala usiwalazimishe. Watakuambia babu alizaliwa wakati wa sotoka iliyomaliza ng'ombe, au alioa kabla ya Maji Maji, au alichukuliwa katika vita ya Mjerumani na Mwingereza. Kazi ya kuyageuza hayo kuwa miaka ni yako, na uifanye kabla hujatoka nyumbani. Sotoka ilienea mwanzoni mwa miaka ya 1890, Vita vya Maji Maji vilipiganwa kati ya 1905 na 1907, na Vita Kuu ya Kwanza iliyoanza 1914 ilimalizika huku kwetu Novemba 1918, Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani, alipoweka silaha chini mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Miaka hiyo ndiyo itakayokuelekeza pa kwenda. Kama babu alifanya kazi kabla ya 1916, mwaka ambao Waingereza waliitwaa Dar es Salaam, karatasi zake zitakuwa za Kijerumani, na zilizosalia zimegawanyika kati ya Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam na hifadhi ya taifa ya Ujerumani mjini Berlin. Kama ni mtu wa kipindi cha Mwingereza, anzia Dar es Salaam, hasa kwenye vitabu vya wilaya ambamo maofisa waliandika habari za koo na za watawala wa kila sehemu, kabla hujafikiria hifadhi ya taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London.

Usitafute jina la mahali kwa tahajia ya leo. Mjerumani aliandika alivyosikia na kwa kanuni za lugha yake, hivyo Mwanza ikawa Muansa, Moshi ikawa Moschi, Ujiji ikawa Udschidschi na Kivinje ikawa Kiwindje. Vituo vingine alivipa majina ya kwao kabisa: Lushoto ilikuwa Wilhelmstal, Tukuyu ilikuwa Neu-Langenburg, na Kasanga ilikuwa Bismarckburg. Andaa mapema orodha ya namna zote ambazo jina la babu na la kijiji chake yangeweza kuandikwa. Tafuta pia mtu anayeweza kusoma mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa zama zile, kwa maana hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi.

Hapo ndipo nilipoumia mimi, na ninakuomba usome taratibu. Babu yake baba alikuwa askari wa Mjerumani. Aliondoka na kikosi, hakurudi, na hakuna aliyejua alikoishia. Nilifika hifadhini nikiwa na jina lake na la baba yake tu, na siku ya tatu nikaliona katika orodha ya askari waliofariki: jina lilelile, bin yuleyule. Moyo ulinidunda hata nikaunakili mstari ule kwa pupa, mwaka na mahali alipofia, nikaziacha safu mbili za pembeni ambazo mwandiko wake ulinishinda. Namba ya jalada pia sikuiandika kamili. Niliporudi nyumbani ukoo ulikusanyika, tukasoma hitima, baba mkubwa akalia mbele za watu, na mahali pale pakaandikwa katika nasaba iliyogawiwa kila nyumba.

Miaka miwili baadaye, bibi mmoja mkongwe wa upande wa Kilwa, ambaye sikuwa nimemfuata kwa kuona ni mbali, aliniuliza: "Mjukuu wangu, huyo uliyemwona aliandikwa mtu wa jumbe gani?" Sikuwa na jibu. Nilirudi, nikatumia siku nne kulitafuta tena jalada lile, nikampata mtu wa kunisomea zile safu mbili, naye akasoma kwamba marehemu alikuwa mtu wa Unyamwezi, aliyeandikishwa Tabora. Babu yetu alikuwa mtu wa Kilwa. Tulikuwa tumemlilia mtoto wa watu wengine, na wa kwetu tukawa tumeacha kumtafuta. Baba mkubwa alifariki kabla sijamfikishia habari hiyo.

Watu wengi wa bara walioingia jeshini au misafarani walichukua majina ya pwani, kwa hiyo kukuta watu kadhaa wenye jina moja na baba wa jina moja si jambo la ajabu. Usimkubali mtu mpaka jina lake likutane na mahali pa asili yake na mtu wa tatu anayemfahamisha, awe jumbe, mwajiri au ndugu. Nakili mstari mzima, na herufi usizozijua zichore kama zilivyo. Ukiruhusiwa kupiga picha, piga kwanza jalada lenye namba, ndipo upige ukurasa.

Kama babu alikuwa mpagazi na si askari, jiandae kutokukuta jina kabisa. Kariakoo ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi cha Mwingereza, lakini mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita ile hawakukumbukwa kwa majina. Katika hali hiyo geukia madaftari ya ubatizo ya misheni za karibu, ambayo kwa Wakatoliki mara nyingi yameandikwa Kilatini, au mashauri ya mirathi na ardhi, ambamo watoto walijitambulisha kwa baba zao.

Mweleze mkubwa wa ukoo mapema kwamba huenda likapatikana lisilopendeza. Babu anaweza kuonekana alikuwa mtumwa, kwani utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu, au akida, yaani ofisa mwenyeji wa serikali ya Mjerumani, aliyewatoza jirani zake kodi kwa kiboko. Wazee wengine wanajua hayo na wamenyamaza kwa makusudi. Uliza kwa adabu, na usiyatangaze kabla hawajaridhia.

Yaliyobaki ni madogo, ila yanakwamisha safari. Uliza masharti ya kuingia hifadhini na upate barua ya utambulisho kabla hujakata tiketi, na beba penseli, kwa sababu kalamu ya wino haikubaliwi. Usimlipe mtu anayekuahidi nasaba kamili kwa wiki moja. Usimwachie yeyote cheti halisi cha babu, hata akiwa mwenyeji wa ofisi, na karatasi zilizoko sandukuni usizibandike kwa gundi wala kuzifunika kwa plastiki ya moto. Zitie kila moja katika bahasha yake kavu, na juu ya bahasha uandike kwa penseli zilitoka kwa nani.