Pimeni mvinyo mwekundu kwa mililita, si kwa glasi

Kwa wenzangu wa Mtwara mnaoandaa vinywaji vya harusi: kabla ya kumimina mvinyo mwekundu, zidisheni mililita za mvinyo mtakaoutia kwenye glasi kwa asilimia ya kilevi iliyoandikwa kwenye lebo, kisha gawanyeni kwa 100, nanyi mtapata mililita za kilevi halisi, kwa kuwa asilimia hiyo hupimwa kwa ujazo, si kwa uzito. Glasi ya mililita 150 ya mvinyo wa asilimia 14 ina mililita 21, ilhali chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina 25. Mgeni aliyekunywa glasi mbili, hata kama anajiona hajanywa kitu, amekwisha kuipita bia nzima kwa mbali. Utamu usiwadanganye: huo ni sukari ambayo hamira haikuigeuza kuwa kilevi, na mvinyo mkavu, yaani usio na utamu, unaweza kuwa mkali zaidi. Hesabu hii huharibika pale mhudumu anapomimina kwa kukadiria macho, hasa katika glasi pana, na haifai kabisa kwa uraka wala nipa ya mabibo, kwa sababu vinywaji hivyo vya kienyeji havina lebo na ukali wake hutofautiana kutoka kwa mpishi mmoja hadi mwingine.