Sushi Arusha: uliza kwanza, chovya baadaye
Arusha iko mbali na bahari, kwa hiyo kabla ya kuagiza sushi, chakula cha Kijapani cha vipande vya wali na samaki, mara nyingi mbichi, muulize mhudumu kama samaki aligandishwa. Jibu zuri ni ndiyo. Nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 huua minyoo; bakteria wengi hawafi, ndiyo maana samaki akinuka shombo unamrudisha jikoni bila aibu. Ukisita, anza na roli (wali uliokunjwa) za tango au parachichi.

Sosi ya soya mimina kidogo. Geuza kipande, uchovye upande wa samaki; wali ukilowa humeguka na kuzama kibakulini. Kula kwa mkono ruksa, kama ugali. Wasabi, ule mchuzi mzito wa kijani unaowasha, kiasi cha punje ya mchele kinatosha: hupanda puani. Tangawizi ni ya kusafisha kinywa kati ya vipande. Vijiti usivisimamishe kwenye wali. Japani hufanywa hivyo msibani.