Serikali itoe ruzuku ya kunasa hewa ukaa au isitoe? Namna ya kuipima hoja kabla hujaomba maiki

Huku kwetu Arusha na Moshi neno kaboni limeshakuwa la kila siku tangu miradi ya malisho iingie Longido na Monduli, shida ni kwamba watu wakikaa kujadili ruzuku nusu wanaongelea miti na nusu wanaongelea mitambo, wanabishana saa nzima kumbe hawako kwenye kitu kimoja. Kwahiyo cha kwanza kabisa, uliza ni kaboni ipi.

Kaboni ya msitu na malisho ni biashara, kijiji kinatunza eneo lake alafu mtu wa nje ananunua tani za hewa ukaa iliyohifadhiwa, na hapa nchini kuna kanuni za mwaka 2022 na kituo cha kuisimamia kiko SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kunasa kwa mtambo ni habari nyingine. Moshi wa kiwanda unapitishwa kwenye kemikali inayoshika hewa ukaa, kemikali inapashwa moto mpaka iiachie, gesi inagandamizwa na kusukumwa chini ya ardhi, kawaida zaidi ya mita 800. Inawezekana, Norway wanafanya hivyo kwenye eneo lao la gesi asilia la Sleipner, wanafukia chini ya bahari tangu 1996. Ila inakula nishati nyingi sana, ni ghali, na ndo maana wenye viwanda wanakimbilia serikalini.

Swali la pili ndo kubwa kuliko yote: huo uchafu una njia nyingine ya kuuondoa? Umeme wa makaa ya mawe unayo, kuna maji, jua, upepo. Simenti haina, au tuseme haina njia rahisi, kwasababu jiwe la chokaa lenyewe likichomwa linatoa hewa ukaa, hata moto wako uwe msafi kiasi gani. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya simenti inatoka kwenye jiwe.

Hapa chukua karatasi upige hesabu, usikubali kuburuzwa na maneno. Tani moja ya simenti kwa wastani wa dunia inatoa kama kilo 600 za hewa ukaa, kwahiyo mfuko wa kilo 50 unaoubeba kutoka hadiwea umetoa kama kilo 30. Marekani kwa sheria ya 2022 kiwanda kinapunguziwa kodi hadi dola 85 kwa kila tani iliyonaswa ikafukiwa. Kilo 30 kwa bei hiyo ni dola 2 na nusu hivi, weka dola kwa shilingi 2,500 unapata kama shilingi 6,400 kwa mfuko mmoja, na kwenye simenti gharama halisi mara nyingi inapita hapo. Sasa uliza ukumbi mzima: hiyo 6,400 alipe nani? Mtu wa Pasua anayejenga chumba kimoja kimoja kila akipata hela, au hazina? Ukishaiweka hivyo utaona watu wanaacha kupiga kelele wanaanza kufikiri.

Tatu, angalia hela inatoka lini. Hapa mimi nina msimamo na sibadiliki: ilipwe kwa tani iliyofukiwa na kupimwa, isilipwe kwa ahadi. Ni kama mbolea ya ruzuku, mkulima aliyesajiliwa anapunguziwa bei pale anapochukua mfuko, hakuna anayepewa hela kwa kusema atalima. Mfano wa kutaja ni mtambo wa umeme wa Kemper kule Mississippi, Marekani, uliopangwa kutumia makaa ya mawe na kunasa hewa ukaa yake, ulikuwa na hela ya serikali ndani yake, gharama zikapanda mpaka zaidi ya dola bilioni 7, na 2017 wakaachana na mpango wa makaa ya mawe wakabaki kuchoma gesi asilia ya kawaida. Norway serikali imebeba karibu theluthi mbili ya gharama za mradi wao mkubwa, ni nyingi, lakini kiwanda cha simenti cha Brevik kimezinduliwa 2025 kikiwa na uwezo wa kunasa tani 400,000 kwa mwaka. Tena usisahau kusema Norway walianza na kodi ya kaboni mwaka 1991, kuchafua kukawa na bei kwanza, ruzuku ikafuata.

Alafu uliza gesi inaenda wapi ikishanaswa. Sehemu nyingine inasukumwa kwenye visima vikongwe ili mafuta yatoke zaidi. Petra Nova, mtambo wa kunasa hewa ukaa kule Texas, ilikuwa hivyo, bei ya mafuta ilipoporomoka 2020 wakazima, wakaja kuwasha tena 2023. Kodi ya wananchi kusaidia kuchimba mafuta zaidi, hapo mimi nasema hapana.

Mitambo ya kunyonya hewa ukaa moja kwa moja kutoka hewani, sio kwenye moshi wa kiwanda, usiipe muda mrefu. Orca ya Iceland ilizinduliwa 2021 na uwezo wa tani 4,000 kwa mwaka, huo ni uchafu wa Wamarekani wasiofika 300. Utafiti usaidiwe, basi.

Mwisho ni serikali ya nani, na hili watu wa kwetu wanalirukaga. Mmarekani mmoja anatoa karibu tani 14 kwa mwaka, Mtanzania hafiki hata tani moja. Hazina yetu ikiwa na shilingi ya ziada iende kwenye nishati safi ya kupikia, lengo la serikali ni asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034 na mama wa Majengo bado anavuta moshi wa mkaa kila jioni. Mitambo ya simenti walipie waliochafua zaidi, hata kama kiwanda kiko Tanga.

Ukimpata mbunge wako kabla bajeti ya Juni haijasomwa, muulize hivi, kwa maandishi ili ajibu kwa maandishi: mwekezaji akija na mtambo wa kunasa hewa ukaa, nani anapima tani, nani analipa gesi ikivuja baada ya miaka 30, na nchi inachangia shilingi ngapi kabla tani ya kwanza haijafukiwa?