Jinsi ya kutumia "overmorrow", keshokutwa ya Kiingereza

Sisi tunaoandika Kiingereza kazini huku kichwani tunawaza Kiswahili, kuna sehemu tunakwama karibu kila siku nayo ni keshokutwa. Kwetu neno moja limeisha, kwao unaanza kupanga "the day after tomorrow", maneno manne kwa siku moja tu. Sasa neno moja lipo, ni "overmorrow", ila ni la zamani sana na wengi waliozaliwa wanaongea Kiingereza hawajawahi kulisikia, kwa hiyo kabla hujaliandika ujue unamwandikia nani.

Linatamkwa ovamoro, uzito weka kwenye "mo", na linaandikwa pamoja bila kistari katikati. Hiyo "morrow" zamani ilikuwa asubuhi, ni ndugu wa "morning", na mimi ndo maana halinitoki kichwani sababu hata kesho yetu inatokana na kucha, usiku ukicha ndo kesho imefika. Wajerumani mpaka leo wanasema "übermorgen" na Waholanzi "overmorgen", kwao hata mtoto mdogo analo, Waingereza ndo waliliacha likapotea. Miles Coverdale, Mwingereza aliyetafsiri Biblia, alilitumia kwenye Biblia yake ya 1535, kitabu cha Tobiti sura ya 8, pale Tobia anamwambia Sara ainuke usiku wa ndoa yao wamwombe Mungu leo, kesho na overmorrow. Coverdale alikuwa anatafsiri kutoka Kilatini na Kijerumani, na Kilatini pale kinasema "kesho ya pili". Mimi hiyo napenda sana, kesho ya pili.

Kwenye sentensi linakaa palepale "tomorrow" inapokaa. "I will call you overmorrow", ntakupigia keshokutwa. "Overmorrow's meeting", kikao cha keshokutwa. Usilitangulizie "on" wala "the", kama ambavyo huwezi kusema "on tomorrow", hilo kosa naliona sana.

Sasa sikiliza yaliyonikuta. Nilikuwa nawaandikia wageni meseji za usafiri, Jumanne jioni nikamwandikia mgeni mmoja "the car will come overmorrow at 5 am" nikimaanisha Alhamisi. Yeye akaona "morrow" akajua ni "tomorrow" imeandikwa vibaya. Jumatano saa kumi na moja alfajiri yuko getini na mabegi mawili na mtoto amelala begani, gari hakuna, simu yangu nimeizima. Nilivyowasha simu nikakuta meseji zake sita, ya mwisho ameandika tu "we are still here". Iliniuma sana, na neno lenyewe nilikuwa nimelitumia sahihi kabisa! Yaani neno sahihi ambalo mwenzio halijui halijamfikishia kitu.

Basi kwa mambo ya gari, hospitali, mkataba, viza, usaili au mtihani, usiliandike kabisa. Andika siku na tarehe, na mwezi uuandike kwa herufi, "Thursday 12 June", usiweke namba tupu maana Wamarekani wanaanza na mwezi na 6/12 yao sio 6/12 yako. Na ukiwa na Mnaijeria akakwambia "next tomorrow" ujue hiyo ndo keshokutwa ya kwao, kwao inaeleweka vizuri, ila ukiipeleka London watakuuliza unamaanisha nini. "Overmorrow" liache kwa hadithi ya watu wa kale, shairi, tafsiri ya maandishi ya zamani ambayo unataka yanukie uzamani, au kupiga stori na mtu anayependa maneno kama wewe, hapo litamfurahisha kweli.

Lina mwenzake pia, "ereyesterday", yaani juzi, nalo limeshaachwa. Hapa kuwa makini sababu juzi yetu ina kazi mbili. "Alikuja juzi", ukimaanisha siku moja kabla ya jana, sawa. Lakini bibi akisema "huyu mtoto kazaliwa juzi tu" na mtoto ana miaka minne, hiyo sio "ereyesterday", hapo weka "just the other day".

Ukikutana na mtondo, ile siku inayofuata keshokutwa, na mtondogoo inayofuata mtondo, usihangaike kutafuta neno la Kiingereza la kuzibeba. Wajerumani wanaongeza "über" nyingine mbele wakasema "überübermorgen", Kiingereza hakina hiyo, kwa hiyo hesabu kwa vidole kuanzia kesho, mtondo ni kidole cha tatu, mtondogoo cha nne, ukiipata siku uandike tarehe yake.