Tairi la ranflati limepata pancha: lizibwe au litupwe?

Msumari umeingia, taa ya njano yenye alama ya mshangao imewaka kwenye dashibodi, na gari bado linakwenda kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo ndipo tairi la ranflati linapowachanganya wengi. Ubavu wake umejengwa kwa mpira mnene na mgumu unaoweza kubeba gari hata upepo ukiisha wote. Halilali, haliburuzi, na fundi akilitazama kwa nje anaweza kuapa kuwa ni zima. Watengenezaji wengi huahidi kilometa 80 bila upepo, kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Ahadi hiyo ni ya kukufikisha mahali salama. Haisemi kwamba ukifika tairi litafaa tena.

Je, linazibika? Linazibika kama halijatembea bila upepo, tundu ni dogo, na liko katikati ya uso wa tairi. Watengenezaji wenyewe hawana msimamo mmoja: wapo wanaokataza kabisa kuziba ranflati, na wapo wanaoruhusu mara moja tu kwa masharti. Soma kwanza kitabu cha gari lako na maelekezo ya kampuni ya tairi lako. Kama wamekataza, usitafute fundi wa kukuambia vingine.

Kinachoharibu tairi hili ni kilometa lilizotembea baada ya tundu kuingia. Chukua saizi ya kawaida ya 225/45 R17: mzunguko wake mmoja ni kama meta mbili, yaani kila kilometa linazunguka mara 500 hivi. Ukitembea kilometa 20 bila upepo, ubavu umekunjwa na kunyooka mara 10,000 huku umebeba uzito wa gari. Kukunjwa huko kunazaa joto, joto linaachanisha mpira na nyuzi zilizo ndani yake, na ukijaza upepo tena tairi linarudi umbo lake zuri kabisa. Ubavu uliochoka unangoja siku ya jua kali, gari limejaa, mwendo ni mkubwa.

Kwanza ujue kama unalo

Magari mengi ya Ulaya yaliyokuja hapa yakiwa yametumika, hasa BMW, Mini na baadhi ya Mercedes-Benz, yaligunduliwa kuwa na matairi haya siku ya pancha ya kwanza tu. Dalili ya haraka ni buti lisilo na spea wala jeki. Kisha soma ubavuni: RFT, ROF, SSR, ZP, RSC, DSST au MOE. Wakati mwingine saizi yenyewe inaandikwa 225/50 RF17, herufi RF zikiwa mahali pa R. Soma pia zile namba nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu lenye ubavu uliochanika-chanika halistahili kiraka chochote.

Angalia na ile taa. Vihisi vya upepo vilivyofungwa kwenye valvu vina betri inayodumu miaka 5 hadi 10, na gari lililotumika Japani kabla ya kupanda meli linaweza kufika na betri zilizokwisha. Hapo taa haina maana tena, na kwa kuwa tairi halilali, unaweza kuendesha siku tatu ukiwa huna upepo kabisa gurudumu moja. Kwa gari la namna hiyo geji ya mkononi si ya hiari. Pima kila wiki asubuhi, tairi likiwa la baridi.

Ukiwa barabarani

Usichomoe msumari. Ukiuacha mahali pake unavujisha polepole, na huo ndio muda wako wa kuliokoa tairi. Simama pembeni, pima. Kama gari linataka upepo wa psi 32 na geji inasoma 26, jaza kwa kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya sigara, tembea kilometa 15 au 20, simama, pima tena, jaza tena. Inachosha, lakini tairi lililofika kwa fundi likiwa na upepo wakati wote ni tairi linaloweza kuzibwa. Mpaka tunaoushauri: likiwa limeshuka chini ya 20 huku gari likitembea, lihesabu kuwa limetembea bila upepo.

Kama huna kompresa, piga hesabu ya njia iliyo mbele. Pancha ikikupata Mikindani, rudi Mtwara mjini. Kutoka Mtwara hadi Lindi ni zaidi ya kilometa 100, na kutoka Lindi hadi Nangurukuru ni zaidi ya 140. Ile 80 haikufikishi. Nayo pia ni ya gari lililopakiwa kwa kiasi. Ukiwa na watu watano na magunia mawili ya korosho kwenye buti, usiihesabu yote. Ni heri kusimama kwenye kijiji chenye watu na kutafuta tairi au gari la kubeba, kuliko kulisukuma mpaka ubavu upasuke.

Ile kamba ya kahawia yenye gundi inayosokomezwa kwa nje ni ya dharura tu. Inazuia upepo usitoke, lakini haikuonyeshi hali ya ndani, na maji yanaweza kuendelea kupenya hadi kwenye nyaya za chuma na kuzila kwa kutu. Itumie kufika mjini kwa mwendo mdogo, kisha tairi lifunguliwe.

Kwa fundi

Kufungua ranflati kwa mitaimbo miwili na nyundo ni kuliharibu mara ya pili. Ubavu mgumu unapigana na chuma. Ukingo wa tairi unachanika, rimu ya aloi inakwaruzika, na kihisi kilicho kwenye valvu kinavunjika. Tafuta karakana yenye mashine ya kufungulia iliyo na mkono wa pili wa kukandamiza. Mwambie fundi mapema kuwa kuna kihisi, aanze kung'oa ukingo mbali na valvu. Kilainishi kiwe maji ya sabuni au mafuta maalumu ya matairi. Grisi na oili zinashambulia mpira.

Likishatoka, usiruhusu lizibwe kabla hujaliona ndani kwa taa. Pitisha kiganja kikavu ubavuni mzunguko mzima, pande zote mbili. Kikitoka na unga mweusi kama mkaa uliosagwa, au chembe za mpira kama zile zinazobaki kwenye karatasi baada ya kufuta kwa kifutio, kazi imekwisha: tairi limejisaga lenyewe. Angalia pia mstari unaozunguka ubavu wote kama alama ya mkanda, mikunjo, rangi ya kibluu, uvimbe, au nyuzi zinazoonekana. Kimojawapo kinatosha kulikataa. Fundi anayesema "hii ni vumbi tu" aifute kwa kitambaa chenye maji, mtazame tena pamoja. Vumbi litatoka na mpira wa chini utakuwa laini, lakini ubavu uliosagika utabaki na mparuzo.

Ndani pakiwa safi, pima tundu. Lisizidi milimita 6, na liwe ndani ya robo tatu ya katikati ya uso unaokanyaga barabara. Uso wenye upana wa milimita 200 unakuachia 150 za katikati. Milimita 25 za kila upande haziguswi, kwa sababu hapo tairi linapinda na kiraka hubanduka. Ubavuni hakuzibwi kamwe. Tundu jipya likiangukia karibu na kiraka cha zamani, kataa.

Kiraka sahihi kwa tundu lililoingia wima ni kile chenye mkia, umbo lake kama uyoga: mkia unajaza tundu, kofia inashika ndani. Tundu linasafishwa kwa keekee ya milimita 6 kwa mwendo wa taratibu, kufuata njia ya msumari. Kama msumari uliingia kwa mshazari mkubwa, mkia na kiraka viwe vitu viwili tofauti. Eneo la ndani linasuguliwa hadi liwe na uso kama mahameli, bila kufika kwenye nyuzi, kisha unga wote uondolewe. Wasilisafishe kwa petroli, maana inaacha utando na gundi haitashika.

Solusheni inapakwa nyembamba na kuachwa ikauke, kwa kawaida dakika 3 hadi 5. Huku pwani hewa ina unyevu, hasa wakati wa masika, kwa hiyo ngoja zaidi. Jaribu kwa mgongo wa kidole: inate kidogo, isitoke na kidole. Usikubali ikaushwe kwa upepo wa kompresa ya karakana. Tangi lisilomwagwa maji kila siku linarusha matone ya maji na oili, na kiraka kinabanduka baada ya mwezi. Mkia ukishavutwa, kofia inakandamizwa kwa kigurudumu chenye meno kuanzia katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Mkia wa nje unakatwa ukiacha milimita 3 hivi, bila kuuvuta.

Rudisha tairi, jaza, mwagia maji ya sabuni kwenye tundu, valvu na kingo zote mbili. Fanya balansi. Bolti zikazwe kwa msalaba kwa spana ya kipimo. Kwenye BMW nyingi bolti za M12 hukazwa kwa Nm 120 (kipimo cha nguvu ya kukaza) na za M14 kwa Nm 140. Kisha weka upya mfumo wa upepo kwenye menyu ya gari, na ukaze bolti tena baada ya kilometa 50 hadi 100. Pima upepo asubuhi tatu mfululizo.

Tairi lililozibwa usilisahau: usilitegemee tena kwa ile ahadi ya kilometa 80, na mwendo wa kasi uuache. Likipata pancha ya pili, lisizibwe.

Likishindikana kuzibwa, mara nyingi ranflati mpya itabidi iagizwe Dar es Salaam. Usifunge tairi la kawaida upande mmoja na ranflati upande wa pili wa ekseli ileile. Ubavu mmoja mgumu na mwingine laini hulifanya gari livute ukifunga breki. Unaweza kuhamia matairi ya kawaida, yote manne kwa pamoja, yenye namba ileile ya kubeba uzito. Ukifanya hivyo, kabla ya kwenda Masasi au Nangurukuru hakikisha buti lina spea inayoingia kwenye bolti za gari lako, jeki, na spana inayofungua bolti hizo.